Nyuso zenye majivu katika video za kwaya

Kijana wa video hapa Bukavu anachora mandhari katika Blender (programu ya bure, na kwetu hilo si jambo dogo), kisha anaweka waimbaji mbele yake. Rangi zinakataa kulingana. Vitenge vimefifia, nyuso kama zimepakwa majivu. Anaanza kuongeza mwangaza usoni, mpaka mama wa alto hatambuliwi hata na watoto wake.

Tatizo haliko usoni. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2023, kazi mpya ya Blender hupitishwa katika AgX, hesabu inayolainisha mwanga mkali kabla picha haijafika kwenye kioo cha kompyuta. Picha ya kamera imekwisha kulainishwa na kamera yenyewe. Ikilainishwa tena, inafifia. Katika mipangilio ya rangi, ondoeni AgX, wekeni Standard. Mandhari mliyochora muihifadhi kwa OpenEXR, inayobeba mwanga wenyewe; PNG huihifadhi pamoja na AgX.

Ndipo mrekebishe mandhari, siyo watu. Anzeni na vivuli: cha nguo na cha mandhari viwe na giza moja. Kisha weupe, maana shati jeupe la saa sita mchana halifanani na lile la chini ya balbu ya njano.