Ndama, Minyoo na Maziwa Yake

Si lazima ndama afike malishoni ndipo apate minyoo. Wengine huwapata kwa mama yake. Yuko mnyoo mnene, mweupe, aitwaye Toxocara vitulorum, ambaye lava wake, yaani minyoo wachanga, hulala ndani ya mwili wa ng'ombe mkubwa pasipo kumdhuru. Karibu na kuzaa, lava hao huamka na kuelekea kwenye kiwele, na ndama anaponyonya dang'a na maziwa ya siku za mwanzo, huwameza. Wiki tatu hivi baadaye mayai huonekana kwenye kinyesi chake. Huharisha, manyoya yake husimama na kupoteza mng'ao, na utumboni mwake hukaa minyoo wenye urefu wa hadi sentimita 30.

Linalostaajabisha zaidi ni linalofuata. Ndama akivuka kipindi hicho cha hatari, kwa kawaida huwa amewatoa minyoo hao kabla hajafikisha miezi sita, hata bila dawa.

Anawezaje? Bakteria humezwa na seli nyeupe za damu, lakini mnyoo ni mkubwa mno kumezwa na seli yoyote. Kwa hiyo mwili hugeuza utumbo kuwa mahali pasipokalika. Seli za ukuta wa utumbo zikishamtambua mgeni, ute huongezeka na kumfanya ashindwe kujishikilia, misuli husukuma kwa nguvu zaidi, kemikali iitwayo histamini humwagika na maji hupenya kutoka kwenye damu. Seli ziitwazo eosinofili huwazunguka lava waliojificha ukutani na kuwamwagia sumu.

Ujuzi huo haupatikani kwa siku moja. Ndama anapoanza kula majani hukutana na minyoo wa Cooperia, ambao hukaa kwenye utumbo mwembamba, na Haemonchus placei, ambao hunyonya damu kwenye tumbo la nne. Dhidi ya Cooperia, mwili hujifunza katika miezi michache ya malisho. Minyoo wa tumbo la nne ni wagumu zaidi. Kinga inapoanza kushika, minyoo majike hudumaa na kutaga mayai machache. Kuwazuia lava wapya wasitulie kabisa huja baadaye.

Nao ndama hawafanani. Huko Beltsville, Maryland, Marekani, watafiti waliofuatilia ndama wa aina ya Angus waliona kwamba takriban robo yao hawakutoa mayai mengi wakati wowote, nusu walitoa mengi kwa muda kisha wakapunguza, na robo iliyobaki waliendelea kuyamwaga malishoni. Tofauti hiyo hurithiwa kwa kiasi fulani.

Vita hivi vina gharama, na hapa ndipo wafugaji wengi hawaelezwi vya kutosha. Ndama hakondi kwa sababu tu mnyoo amemlia chakula chake. Hukonda hasa kwa sababu hamu ya kula hupungua, na protini ambayo ingejenga misuli huenda kukarabati utumbo na kutengeneza kinga. Protini nyingine huvuja kutoka kwenye damu. Ikivuja sana, maji hujikusanya chini ya taya, na uvimbe laini huonekana. Mfunue kope: kwa ndama aliyenyonywa damu na Haemonchus, utando wa ndani huwa umepauka.

Magharibi mwa Kenya, katika eneo la Busia, watafiti walifuatilia ndama 548 wa zebu wa wafugaji wadogo kati ya 2007 na 2010, tangu kuzaliwa hadi karibu mwaka mmoja. Ndama 88 walikufa. Ndigana kali, inayoenezwa na kupe, iliongoza kwa kuua, na minyoo wa Haemonchus walikuwa miongoni mwa wauaji wakuu. Tena, kila mayai ya minyoo yalipoongezeka kwa 1,000 katika gramu moja ya kinyesi, hatari ya kufa kwa ndigana iliongezeka mara 1.5. Ndama mwenye minyoo wengi anaumwa na kupe akiwa tayari amechoka.

Ndiyo maana naona uchungu maziwa yanapokamuliwa hadi tone la mwisho. Lita inayouzwa asubuhi ni protini, na bila protini kinga haijengeki. Dawa ina nafasi yake: ikitolewa ndama akiwa na wiki mbili au tatu huwaua Toxocara kabla hawajataga. Lakini kipimo kifuate uzito wake, kwa ushauri wa bwana mifugo, maana dawa pungufu huwaacha hai minyoo sugu. Malisho yaliyopumzishwa wapewe ndama kwanza, ng'ombe wakubwa wafuate. Na wakati wa kukamua, chuchu moja iachwe bila kuguswa, ndama aje ainyonye mwenyewe.