Sifa na Kasoro za Riwaya ya "Las malas"

Katika miaka ya karibuni imekua, katika Amerika ya Kaskazini na ya Kusini, fasihi ya waandishi ambao walipozaliwa walihesabiwa wanaume, lakini huishi na kuandika kwa upande wa kike. Zamani waandishi wa namna hii walijulikana zaidi kwa vitabu vya maisha yao wenyewe, kama Conundrum cha Jan Morris, kilichotoka mwaka 1974. Vitabu hivyo vilimweleza mgeni safari ya kutoka jinsia moja kwenda nyingine. Mwaka 2013 Imogen Binnie wa Marekani alitoa riwaya ya Nevada, ambayo mhusika wake, Maria, amekwisha kuimaliza safari hiyo kitambo, na hata hivyo maisha yamemshinda. Swali likawa si namna alivyobadilika, bali namna atakavyoishi.

Las malas, riwaya ya Camila Sosa Villada wa Argentina, ilitoka mwaka 2019, na mwaka 2020 ikapata tuzo ya Sor Juana Inés de la Cruz. Yahusu kundi la travesti wanaouza miili yao usiku katika bustani ya Sarmiento, mjini Córdoba. Usiku mmoja wa baridi mkubwa wao, Tía Encarna, asikia kilio vichakani, akamkuta mtoto mchanga aliyetupwa, akamchukua kwake. Encarna asemwa kuwa ana umri wa miaka 178. Mwenzake mmoja, aliye bubu, ageuka ndege kidogo kidogo. Mambo hayo ya ajabu yasimuliwa kwa sauti ile ile inayosimulia vipigo vya polisi na vya wateja. Hapo ndipo penye nguvu ya kitabu, kwa kuwa msomaji hapewi nafasi ya kusadiki moja na kulikataa la pili.

Kwa mwanachuoni wa Kiswahili, jambo kubwa zaidi limo katika sarufi. Katika Kihispania kila jina lina jinsia. Travesti lilizoeleka kuandikwa kwa alama ya kiume, nalo lilikuwa neno la dharau. Mwandishi alitia alama ya kike, na kwa silabi moja akajibu hoja nzima. Kiswahili hakina silabi hiyo. Anayesema "amekuja" hakutaja mume wala mke. Kwa hiyo lililopatikana kwa kushindaniwa katika Kihispania, katika Kiswahili hupatikana bure, na kwa sababu hiyo halionekani. Jina la kitabu likifasiriwa "Wabaya," uke wapotea. Likifasiriwa "Wanawake Wabaya," yatamkwa wazi yale ambayo asili yake yaashiria tu. Neno "shoga" nalo halifai. Kwa asili ni rafiki wa kike wa mwanamke, kisha likageuzwa tusi kwa wanaume. Lingeleta tusi pasipo historia ya wenye kutukanwa kulitwaa neno na kulifanya lao. Ni heri travesti libaki kama lilivyo.

Hata "Tía" lina taabu yake. Kihispania hakiulizi ni dada wa baba au wa mama, Kiswahili chauliza. "Mama Mkubwa" laonekana kufaa kwa heshima yake, lakini lampa Encarna umama kabla hadithi haijampa, na umama huo ndio kiini cha hadithi. "Shangazi" ni bora zaidi.

Kasoro za riwaya hazifai kufichwa. Baada ya mtoto kupatikana, sura zafuatana kama shanga: kila mmoja aingia, apewa ajabu lake, kisha afa au atoweka kabla hajajulikana vema. Vifo vikizidi, msomaji huvizoea, na mazoea hayo ni kinyume cha kusudi la mwandishi. Katika Detransition, Baby ya Torrey Peters, iliyotoka mwaka 2021, watu watatu wa New York wabishana juu ya kumlea kwa pamoja mtoto ambaye hajazaliwa. Wahusika wake wadanganya, wacheka, na kukoseana. Si wenye kudhulumiwa tu. Lakini mabishano yao hurefuka mpaka maelezo hula hadithi, kosa ambalo Las malas haina.

Vitabu hivi vina wapinzani wanaovihukumu kwa hali ya waandishi wao, na vina watetezi wanaosifu kila ukurasa kwa huruma. Makundi yote mawili humwacha mwandishi bila msomaji. Anayemheshimu Sosa Villada kama fundi wa lugha hana budi kueleza kwa nini sura ya kumpata mtoto imesimama imara, na kwa nini nyingine zilizoifuata zimelegea.