Dar es Salaam hadi Jeddah: Mikati Haingoji Ndege Itue

Anayeswali katika msikiti wowote wa Kariakoo huelekea kaskazini, kwa kupinda kidogo mno upande wa mashariki. Sababu ni kwamba Dar es Salaam na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo, ule wa nyuzi 39. Hivyo ndege iendayo Jeddah moja kwa moja hufuata takriban uelekeo ule ule tunaouelekea mara tano kila siku.

Umbali wa anga baina ya Dar es Salaam na Jeddah ni kama kilomita 3,160. Ndege ya abiria huumaliza kwa muda wa saa nne na nusu hivi, wala msafiri hana haja ya kurekebisha saa yake, kwani miji hiyo ina majira mamoja. Anayepitia Dubai huzunguka: karibu kilomita 4,000 hadi huko, kisha 1,700 nyingine kurudi magharibi. Wazee wetu waliosafiri kwa majahazi walingoja upepo wa kusi, wakahesabu safari yao kwa majuma.

Wepesi huu ni neema, lakini una mtihani wake.

Mzee mmoja wa msikiti wetu, aliyeweka akiba miaka mingi kwa kuuza vitenge Mtaa wa Kongo, alikwenda Umra. Wanawe walimfungia mizigo kwa mapenzi, wakazitia shuka zake mbili za ihramu katika sanduku kubwa, lile lipakiwalo tumboni mwa ndege. Tangazo la mikati lilipotolewa, mzee alikuwa na kanzu yake. Akadhani kwamba bila shuka hapana ihramu, akaakhirisha nia mpaka Jeddah. Alipouliza, akaelezwa kuwa ameshavuka mikati. Arejee huko au achinje. Akachinja, kwa fedha aliyowawekea wajukuu zawadi.

Mzee hakulaumu mtu. Mimi ndiye niliyejilaumu, kwani katika darasa letu la mahujaji tulisomesha tawafu na saai, tukasahau begi.

Ndugu msomaji, ndege hukata takriban kilomita 14 kwa dakika moja. Atokaye kwetu moja kwa moja kwa kawaida hupita usawa wa Yalamlam. Apitiaye Dubai au Doha hupita usawa wa Qarn al-Manazil. Yote mawili hutokea ndege ikikaribia kutua, na anayesinzia huenda asisikie tangazo. Wanazuoni wengi hawaikubali Jeddah kuwa mikati ya mgeni atokaye mbali.

Basi mwenye mzazi msafiri na amsaidie hivi: aoge nyumbani, na mwanamume avae shuka kabla ya kupanda ndege au azishike mkononi. Mwanamke hubaki na nguo zake za stara. Nia na talbiya viletwe tangazo likisikika. Anayehofia usingizi anuie mapema kidogo, na hilo linajuzu. Akikosa shuka, asiache kunuia, kisha aulize yanayomlazimu kwa mavazi yake. Anayeanzia Madina yeye huhirimia Dhul-Hulayfa atakapoondoka huko kwenda Makka.

Mwenyezi Mungu awatakabalie wanaokwenda, na awajaalie wanaotamani. Amin.