Olympia Haikujua Nafasi ya Pili

Agosti 8, 2021, mjini Sapporo, Japan, Eliud Kipchoge alishinda marathon ya Olimpiki kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 38. Mbio zikawa zimekwisha, ila kwa waliobaki nyuma ndipo zilipokuwa zinaanza. Zaidi ya dakika moja baadaye walitokea Mkenya Lawrence Cherono, Abdi Nageeye wa Uholanzi na Bashir Abdi wa Ubelgiji, wakiwania nafasi mbili zilizosalia. Nageeye alikuwa na nguvu za kutosha kuwaacha wenzake, lakini badala ya kukimbilia mstari wa mwisho akawa anageuka nyuma na kumpungia Abdi mkono, amhimize asikate tamaa. Yeye akapata fedha, Abdi akapata shaba, na Cherono akaondoka mikono mitupu.

Wanariadha hao wawili walizaliwa Mogadishu mwaka 1989 na kuondoka wakiwa watoto kwa sababu ya vita. Kwa shabiki wa mji wa Masalani nchini Kenya, Mkenya kwa kitambulisho na Msomali kwa ukoo, siku ile ilikuwa ya kuchagua ashangilie nini kwanza.

Mgiriki wa kale angeitazama picha ya Nageeye akigeuka asielewe kinachoendelea. Kule Olympia, michezo ya Olimpiki ilikozaliwa, hapakuwa na fedha wala shaba. Hapakuwa hata na nafasi ya pili. Mmoja alivikwa taji la matawi ya mzeituni, na wote waliobaki walikuwa wameshindwa, awe wa pili kwa unyoya au wa mwisho kwa mbali. Mshairi Pindar, aliyelipwa kuwatungia washindi nyimbo za sifa katika karne ya 5 KK, anawaeleza walioshindwa wakirudi makwao kwa kupenya vichochoroni ili wasikutane na mtu. Hata Kipchoge mwenyewe asingeingia uwanjani, kwa kuwa walioruhusiwa kushindana ni Wagiriki tu, wanaume walio huru.

Na mbio zenyewe za marathon hazikuwepo.

Hili huwashangaza wengi. Michezo ya Olympia inahesabiwa kuanza mwaka 776 KK, na kwa muda mrefu shindano lilikuwa moja tu: kukimbia kutoka upande mmoja wa uwanja hadi wa pili, futi 600 za Kigiriki, ambazo kwa kipimo cha leo ni kama mita 192. Mshindi wa kwanza katika orodha ni Koroibos wa Elis, ambaye inasimuliwa kwamba alikuwa mpishi. Mwaka 724 KK ziliongezwa mbio za kwenda na kurudi, na mwaka 720 KK zikaja za masafa marefu. Hayo “marefu” yalikuwa mara 20 au 24 za urefu wa uwanja, yaani karibu kilomita nne au zaidi kidogo. Katika michezo mingine mikubwa, kama ile ya Nemea, kulikuwa pia na mbio za urefu wa viwanja vinne, ambazo hazipungui sana mita 800. Kwa hiyo Wilson Kiprugut, aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki kwa kupata shaba ya mita 800 jijini Tokyo mwaka 1964, angejiona nyumbani Nemea kuliko bingwa yeyote wa marathon.

Marathon ni wazo la Mfaransa. Michezo ilipofufuliwa Athens mwaka 1896, msomi wa lugha Michel Bréal alipendekeza mbio za kukumbuka mjumbe anayesemekana kukimbia kutoka uwanja wa vita wa Marathon hadi Athens kutangaza ushindi dhidi ya Waajemi, kisha akaanguka akafa. Herodotus, mwanahistoria aliyeishi karibu zaidi na vita hivyo vya mwaka 490 KK, hana habari ya kifo hicho. Anachosimulia ni kwamba mjumbe alitumwa Sparta kuomba msaada kabla ya vita, mwendo wa kilomita zipatazo 240. Wagiriki walikuwa na watu wa kukimbia mbali, lakini hiyo ilikuwa kazi ya kutumwa, na hawakuihesabu kuwa mchezo.

Uwanja wa Olympia haukuwa wa mviringo. Ulikuwa kipande cha ardhi kilichonyooka, na penye mstari wa kuanzia palilazwa mawe yenye mifereji miwili myembamba iliyokwenda sambamba. Mkimbiaji alisimama wima, vidole vya mguu mmoja katika mfereji wa mbele na vya mguu mwingine katika ule wa nyuma, akiinama kidogo, mikono mbele. Mawe hayo yapo hadi leo, na mtalii akitaka huweka vidole vyake papo hapo. Aliyetoka kabla ya ishara hakuonyeshwa kadi nyekundu: alichapwa fimbo mbele ya umma, na walikuwepo maafisa wenye fimbo kwa kazi hiyo. Tena alikimbia uchi, mwili mzima umepakwa mafuta ya zeituni. Wagiriki wenyewe walikuwa na hadithi kadhaa za jinsi desturi hiyo ilivyoanza, na hadithi hizo hazipatani.

Michezo ilifanyika katikati ya kiangazi. Mtu wa Masalani hahitaji kuelezwa maana ya kusimama juani mchana kutwa, lakini Masalani ina mto Tana karibu, na Olympia, ingawa ilikuwa kati ya mito miwili, ilisumbuliwa mno na ukosefu wa maji safi kwa maelfu ya watazamaji. Ilichukua hadi katikati ya karne ya 2 BK ndipo tajiri Herodes Atticus akajenga mfereji na chemchemi ya fahari. Mafahali walichinjwa kwa wingi madhabahuni, na palipo na damu na mifupa wafugaji wanajua kinachofuata. Nzi walikuwa kero kiasi kwamba Wagiriki walimtolea Zeus sadaka ya pekee awafukuze. Mwandishi mmoja wa zama za Warumi anasimulia habari ya bwana aliyemtisha mtumwa wake mkaidi kwamba hatampeleka kusaga nafaka, atampeleka Olympia kutazama michezo.

Mchezo ambao mfugaji angeutambua mara moja ni wa mkuki. Ulikuwa sehemu ya shindano la michezo mitano, pamoja na kisahani, kuruka, mbio na mieleka, lililoingizwa mwaka 708 KK. Mkuki wa Kigiriki ulikuwa na siri: ukanda wa ngozi uliozungushwa katikati ya mti na kuacha kitanzi. Mrushaji alitia kidole kimoja au viwili katika kitanzi hicho. Mkono ulipofyatuka, ukanda ulifunguka na kuuzungusha mkuki hewani, ukaenda sawa na mbali zaidi kuliko ambavyo mkono mtupu ungeweza kuupeleka. Sheria za leo zinakataza kifaa cha aina hiyo. Julius Yego, aliyejifunza mbinu kwa kutazama video za intaneti na kuwa bingwa wa dunia jijini Beijing mwaka 2015, alirusha mita 92.72 kwa mkono wake tu.

Katika mieleka jina kubwa ni Milo wa Croton, mshindi mara sita Olympia katika karne ya 6 KK, mara ya kwanza akiwa kijana. Inasimuliwa kwamba alimbeba ndama kila siku tangu ndama huyo alipozaliwa, hata ndama akawa fahali na Milo bado anambeba. Walimu wa mazoezi wanaipenda hadithi hii, kwani inafundisha kuongeza uzito kidogo kidogo. Mchunga ng'ombe wa Masalani angeuliza swali ambalo walimu hao hawaulizi: huyo fahali alikuwa akikubali vipi?

Wanyama walikuwa na heshima yao Olympia, na hapo ndipo pesa zilipoonekana. Katika mbio za magari ya farasi wanne, zilizoanza mwaka 680 KK, taji halikwenda kwa dereva aliyehatarisha shingo yake. Lilikwenda kwa mwenye farasi, naye hakulazimika hata kuwepo. Kupitia mwanya huo Kyniska, binti wa mfalme wa Sparta, akawa mwanamke wa kwanza kushinda Olympia, mwaka 396 KK, ilhali wanawake walioolewa walikatazwa hata kutazama. Wasichana walikuwa na michezo yao palepale, kwa heshima ya mungu Hera, wakikimbia uwanja uliofupishwa kwa sehemu moja ya sita.

Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, ameandika habari za farasi jike aitwaye Aura, mali ya Pheidolas wa Korintho. Mpandaji wake alianguka mwanzoni mwa mbio. Aura akaendelea peke yake, akazunguka mahali pa kuzungukia, akasikia tarumbeta akaongeza kasi, akafika wa kwanza, kisha akasimama. Waamuzi wakampa Pheidolas ushindi. Katika mbio za punda za Lamu, au zile za ngamia za Maralal zilizoanza mwaka 1990, anayebebwa juujuu na mashabiki ni mpandaji. Nchi za Ghuba ziko karibu zaidi na Wagiriki: ngamia hupandwa na roboti, na tuzo huenda kwa mwenye ngamia.

Kuna dhana kwamba watu wa kale walishindania majani tu. Majani yalikuwa ya Olympia. Mshindi wa Athens aliporudi kwao alilishwa bure na serikali maisha yake yote, na katika michezo ya Athens yenyewe mvulana aliyeshinda mbio fupi alipewa mitungi 50 ya mafuta ya zeituni, kila mmoja ukikaribia lita 40. Hayo ni mafuta ya kuuza, si ya kupikia. Na penye faida hiyo, hila haikukosekana. Mwaka 388 KK bondia Eupolos wa Thesalia aliwahonga wapinzani wake watatu wamwachie. Wote wanne walitozwa faini, na kwa pesa hizo zikatengenezwa sanamu sita za shaba za Zeus. Nyingine ziliongezwa kadiri wadanganyifu walivyopatikana. Zilipangwa njiani mwa kuingilia uwanjani, zikiwa na maandishi ya kuonya kwamba ushindi wa Olympia hupatikana kwa miguu na nguvu, si kwa fedha. Kila mwanariadha alizipita akienda kushindana. Misingi ya mawe ya sanamu hizo bado ipo.

Kenya, iliyolazimika kutunga sheria ya kupambana na pufya, yaani dawa za kuongeza nguvu michezoni, mwaka 2016 baada ya wanariadha wake wengi kunaswa, inaujua ugonjwa huo vizuri. Lakini kisa kikubwa kilitokea Olympia kwenyewe. Michezo ya Athens ya mwaka 2004 ilipeleka shindano la kurusha tufe katika uwanja ule wa kale, na kwa mara ya kwanza wanawake walishindana katika mashindano ya Olimpiki mahali hapo. Irina Korzhanenko wa Urusi alishinda, akanyang'anywa dhahabu siku chache baadaye kwa kutumia dawa, ikaenda kwa Yumileidi Cumbá wa Cuba. Kwa wanaume alishinda Yuriy Bilonog wa Ukraine. Sampuli yake ilipopimwa upya, naye alipokonywa ushindi mwishoni mwa mwaka 2012. Mmarekani Adam Nelson, aliyekuwa wa pili, akawa bingwa miaka minane baada ya mashindano, na medali yake akakabidhiwa kwenye ukumbi wa mikahawa wa uwanja wa ndege wa Atlanta.