Bwaki: Kwa Nini Mtoto Aliyevimba Hapewi Nyama Siku ya Kwanza



Mgodini kila sheria ya usalama ina sababu yake. Kofia, taa, kugonga mwamba kabla ya kupita: nyuma ya kila sheria kuna watu walioumia, na wengine waliochunguza kwa nini. Sheria za kumlisha mtoto mwenye bwaki zilipatikana vivyo hivyo.

Bwaki ndio ugonjwa ambao daktari Cicely Williams aliuita kwashiorkor mwaka 1935, kwa neno la Waga wa Ghana. Mtoto huvimba miguu, nywele hubadilika rangi, naye hununa na kukataa chakula.

Mwaka 1996 watafiti Schofield na Ashworth walikusanya hesabu za hospitali za nchi nyingi. Waliona kwamba tangu miaka ya 1950, katika kila watoto 100 waliolazwa kwa utapiamlo mkali, 20 hadi 30 walikufa. Sababu moja kubwa ilikuwa matunzo yasiyofaa: chakula kizito mapema mno, chumvi nyingi, maji mengi ya mshipani, vidonge vya kuongeza damu, dawa za kukojoa ili uvimbe ushuke. Moyo, ini na figo za mtoto huyo zimechoka. Ukizitwisha mzigo ghafla, zinashindwa.

Ndipo mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani, OMS, likatoa mwongozo. Kwanza mtoto atiwe joto, apewe sukari na dawa za kuua vijidudu, na maziwa mepesi ya F-75, kidogo kidogo, kila baada ya saa 2 au 3, mchana na usiku. Hamu ikirudi na uvimbe ukianza kushuka, hapo hupewa chakula chenye nguvu zaidi: maziwa ya F-100 au, siku hizi, chakula cha karanga cha pakiti.

Basi, mama, usishangae ukiona mtoto anapewa maziwa mepesi tu. Usimtoroshe hospitalini. Na bibi anayeleta nyama kwa mapenzi, mwambie kwa heshima: siku yake itafika.

Utafiti umefanyika nchini kwetu pia. Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya jaribio la Kasai: watoto walipewa chakula hicho cha karanga kwa kipimo kinachopungua kadiri mkono unavyonenepa, nao wakapona vizuri. Kwa hiyo muganga akipunguza pakiti mtoto anapopata nguvu, usidhani anaziiba. Nazo pakiti ni dawa ya mgonjwa: haziuzwi, wala hazigawiwi ndugu zake.

Fanyeni hivi nyumbani:

1. Bonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba, sekunde 3. Shimo likibaki, nenda kituo cha afya leo hii.
2. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 apimwe mkono kwa utepe. Chini ya milimita 115 ni rangi nyekundu: ni hatari.
3. Usikatize kunyonyesha.
4. Bugali wa muhogo peke yake haumjengi mtoto. Ongeza maharagi, karanga, samaki, sombe yenye mafuta.

Baba, kazi hii si ya mama peke yake. Jioni ukitoka kazini, bonyeza miguu ya mwanao.