Taa ya Upepo na Mipira Mikubwa

Tumeulizwa juu ya pikapu za kuchukulia karafuu zilizofungwa mipira mikubwa, kisha taa ya upepo ikawaka isizimike. Tafadhali msiizibe kwa karatasi! Ikiwa yawaka na kuzimika kwa kama dakika moja, ndipo ibaki imewaka, pengine kidude cha kupimia kimeachwa katika rimu za zamani. Ikiwaka moja kwa moja, upepo umepungua. Pimeni asubuhi, mipira ingali baridi.

Linalotutia hofu zaidi ni taa iliyonyamaza. Yenyewe hufuata upepo wa mipira ya kiwandani, ulioandikwa mlangoni mwa dereva. Mpira mkubwa wa lori aghlabu hutaka zaidi kwa magunia yale yale. Usipopata, hupata moto ukapasuka njiani. Mwulizeni fundi jedwali la mpira huo.