TACO ZA SAMAKI: KACHUMBARI UNAYO, UNGA NDIO SHUGHULI

Leo tuongelee taco. Msianze kucheka, naandika kwa "c" makusudi kabisa.

Wengi tunaziona kwenye muvi tunadhani ni msosi wa hoteli za watalii. Kumbe kwao Mexico taco za samaki ni chakula cha kibandani. Mji wa Ensenada, pwani ya Pasifiki huko Baja California, unasifika kwa hizo: kipande cha samaki wa kukaanga ndani ya chapati ndogo ya mahindi iitwayo tortilla, juu yake kabichi, sosi nyeupe na salsa. Unakamulia ndimu, unakula umesimama. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Ralph Rubio, alianza kuziuza San Diego, na zikapata umaarufu huko Marekani.

Salsa ni nini? Kwa Kihispania ni sosi tu. Ile mbichi inaitwa pico de gallo, yaani mdomo wa jogoo: nyanya, kitunguu, pilipili, kotmiri, chumvi na ndimu. Si kachumbari hiyo jamani! Ila wao wanakata vidogovidogo sana.

Shughuli ipo kwenye unga. Ukisukuma tortilla kwa sembe itakupasukia mkononi. Sababu ni kwamba Wamexico wanachemsha mahindi kwenye maji ya chokaa maalumu ya chakula (sio ya kupaka ukuta!), wanayalaza humo, wanayaosha, ndio wanasaga. Chokaa inalainisha ganda na kufanya donge lishikane. Sasa ufanyeje? Pika chapati nyembamba za ngano. Wala sio kuchakachua, kaskazini mwa Mexico tortilla za ngano ni kawaida.

Haya twende kazi, watu 4:

1. Kata nyanya 4, kitunguu 1, pilipili 1 na kotmiri. Tia chumvi na ndimu, weka pembeni.
2. Koroga unga wa ngano kikombe 1, baking poda kijiko cha chai 1, chumvi, na maji baridi robo tatu kikombe.
3. Chovya vipande vya mnofu wa samaki nusu kilo, au kamba waliomenywa. Kaanga kwenye mafuta ya moto mpaka viwe rangi ya dhahabu na nyama ya ndani imeguke.
4. Changanya mtindi na mayonezi kidogo, hiyo ndio sosi nyeupe. Panga vyote kwenye chapati na kabichi mbichi iliyooshwa vizuri.

La mwisho, tena zito: usidanganyike na bei ya jioni sokoni. Jodari na vibua wakikaa muda bila barafu wanatengeneza sumu ambayo moto hauiondoi, wala ndimu. Ukila, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinauma, mwili unawasha. Kwa hiyo angalia macho yang'ae, ndani ya mashavu pawe pekundu, na harufu iwe ya bahari, sio ya shombo kali. Ukiwa na wasiwasi, acha. Bora ule taco za maharage.

Mkijaribu leteni majibu hapa chini. Nawakilisha!